Suruali Nyeupe ya Mjomba

Kwa heshima na taadhima naanza kwa kusema kwamba siku ile mjomba wangu Mwinshehe aliidanganya serikali akiwa amevaa suruali nyeupe. Habari ya suruali itakuja.

Maafisa ardhi walikuwa kijijini kwetu Kinole, wakipima mashamba na kutoa hati. Shamba letu la mikarafuu ni la ukoo, na huku milimani ardhi ya ukoo hufuata upande wa wanawake: kutoka kwa Bibi lilikuwa liende kwa mama yangu, Mwanahawa. Mjomba akapanda pikipiki kutoka Mafiga, mjini, kuja kutufundisha uchumi.

"Dunia imebadilika, dada. Benki haikopeshi ukoo. Inataka mtu mmoja, mwenye hati."

"Na mtu huyo ni wewe?"

"Sasa wewe benki utakwenda saa ngapi? Mama umwache na nani?"

Tangu Bibi apooze upande, Mama hajafika hata gulioni.

Kikao kikakaa uani: afisa na kishikwambi chake, wajumbe wa kijiji, na Mjomba. Mama alisimama mlangoni, sikio moja uani, jingine chumbani kwa Bibi.

"Shamba hili linatunzwa na nani?" afisa akauliza.

"Mimi," Mjomba akajibu bila kupepesa. "Shamba, na mama yangu mzazi. Wote wako mikononi mwangu."

Mikono hiyo haijui hata kikombe cha uji cha Bibi! Nami, niliyevuliwa ukiranja wa bweni kwa kutangaza mstarini harusi ya mwalimu wa zamu na mpishi, harusi isiyokuwepo, nikaona hapa pana kazi yangu. Nikasimama wima.

"Samahani kwa kuingilia kikao. Mjomba, Bibi amejilowesha. Njoo umbadilishe, kama kawaida yako."

Uongo mtupu. Bibi alikuwa mkavu kama dagaa. Nilitaka tu kumwona Mjomba akitokwa jasho, maana kwetu mtoto wa kiume kumfunua mama yake ni mwiko.

Hakutokwa jasho. Hata kichwa hakugeuza. Wajumbe wote walimtazama Mama, na Mama akaingia ndani mbio bila kuambiwa na mtu.

"Tuendelee," Mjomba akasema. "Andika Mwinshehe."

Lo! Nimemtoa mama yangu kikaoni kwa mdomo wangu mwenyewe, na afisa tayari anaandika.

Mara Mama akatoka, amembeba Bibi mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga. Alipofika kwangu akanikata jicho. "Mkavu," akanong'ona. Kisha akamshusha Bibi taratibu mapajani mwa Mjomba.

"Mpokee. Si yuko mikononi mwako?" Akavuta kigoda, akaketi. "Haya, afisa, endelea. Leo nina nafasi."

Bibi alimtazama mwanawe, akatabasamu kwa ule upande mzima wa mdomo. Halafu, wallahi sikumtuma, uongo wangu ukawa kweli. Suruali nyeupe ikaanza kubadilika rangi.

"We! We Mwanahawa! Njoo umtoe! Mimi sijui anashikwaje!"

Bi Hafidha, mmoja wa wajumbe, alijifunika mtandio mdomoni, mabega yakimtikisika. Afisa aliitazama suruali, akafuta alichokwisha kuandika.

"Jina lako kamili, mama?"

Mama hakuinuka. Alilitaja lote, na la baba yake, na la ukoo, Mjomba akiendelea kulowa. Ndipo akamnyanyua Bibi.

Nilikuwa najiandaa kupiga makofi.

"Na wewe, bingwa wa matangazo," akaniambia. "Kachote maji. Utafua kanga za Bibi, mashuka, na suruali ya mjomba wako."

"Mimi? Mama, mimi mtoto wa kiume!"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku nzima. Maneno yalikuwa yangu, lakini sauti ilikuwa ya Mjomba kabisa.

Nikaenda kutafuta ndoo.