Namba Ambayo Haikufika Kileleni

Wanawake hawakuruhusiwa kukimbia mbio za mlimani za Swinmere. Tamar Relph aliruhusiwa kukaa kileleni tu, kwenye rundo la mawe, na kuandika namba za wanaume waliofika kuligusa kabla ya kugeuka. Na hakuna mwanamume aliyeujua mlima ule kama yeye, maana kila vuli ndiye aliyewashusha kondoo wa baba yake, yeye na mbwa wake.

Agosti ya 1963 ukungu ulishuka ghafla, hata hakuona zaidi ya hatua ishirini. Wa kwanza kutokeza alikuwa Amos Fearon, mkata mawe wa machimboni, tope hadi mapajani. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na mara sita alishika nafasi ya pili, nne kati ya hizo nyuma ya Lanty, mdogo wake Tamar.

"Wangapi wamenitangulia?" aliuliza akihema.

"Hakuna! Wewe wa kwanza, Amos. Shuka, bwana, shuka!"

"Usinitanie, Tamar."

"Nikutanie kwenye baridi hii?"

Amos akacheka, akalipiga jiwe kofi, akamezwa na ukungu.

Wakaja wengine ishirini na watatu. Lanty hakuonekana. Tamar alimngoja hadi vidole vikafa ganzi, kisha akateremka mbio akimwita, akidhani ameanguka korongoni.

Uwanjani chini, mbio zilipoishia, alimkuta amebebwa juu juu, kikombe cha ushindi mkononi. Baba yao, aliyepooza upande mmoja tangu Pasaka, alikuwa kwenye kiti chake kando ya hema la keki, akilia kwa furaha. Mbele ya meza ya kamati alisimama Amos, hajafuta hata tope.

"Huyo hapo, mwulizeni," alisema akimnyoshea Tamar kidole. "Hakuna aliyenitangulia juu, wala aliyenipita kushuka. Aliniambia mwenyewe."

Bwana Thwaite, mwenyekiti wa kamati, alifungua daftari la Tamar. Lilikuwa limelowa, wino umetapakaa.

"Hapa hapasomeki. Namba kumi na nne, ya Lanty, ilipita, Tamar?"

Tamar akamtazama Lanty; Lanty akainamia viatu vyake. Kisha Tamar akamtazama baba yake.

"Ilipita," alisema. "Kabla ya Amos. Nilichanganyikiwa na ukungu, nikamwambia vibaya."

"Fearon, uzee huo!" mtu alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Amos alichukua koti lake akaondoka.

Jioni, zizini, Lanty alimfuata dada yake. "Nilipotea, dada. Nilipotoka kwenye ukungu, uwanja uko mbele yangu, nikawasikia wananishangilia. Ningesimamaje?"

"Kwa miguu yako hiyo hiyo."

"Mbona wewe hukusema?"

Tamar aliendelea kumwaga maji kwenye hori.

Baba alifariki Oktoba, kikombe kikiwa kando ya kitanda. Shamba lote, kondoo na nyumba, alimwachia Lanty. Tamar akabaki kupika kwenye jiko ambalo sasa lilikuwa la wifi yake. Majira ya baridi yalipokolea, Lanty alikuwa akisimulia baa jinsi alivyoligusa rundo kwa mikono miwili. "Mwulizeni dada, alikuwepo!" Na Tamar, aliyekuja kumwita nyumbani, akaitikia kwa kichwa.

Aprili alikutana na Amos kwenye mnada wa kondoo.

"Amos, siku ile..."

"Niache, Tamar. Hata mke wangu anasema niliota. Miezi minane najiuliza kama akili yangu ni nzima."

"Ni nzima. Ulikuwa wa kwanza."

Amos akageuka kutazama. Hatua kumi kutoka pale Bwana Thwaite alikuwa akimpapasa mgongo kondoo dume.

"Basi mwambie yule," alisema Amos.

Tamar alishika uzio kwa mikono yote miwili. Amos alimsubiri. Alimsubiri hadi dume akauzwa na Thwaite akaondoka zake, kisha akaishusha kofia yake hadi kwenye nyusi na kwenda, bila kuaga.