Alhamisi ya Mama Hamira

Mama Hamira aliingia ukumbini na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Tume ilikuwa ikikusanya maoni: uchaguzi ufanyike siku gani ya wiki? Miaka nenda rudi ulikuwa Jumapili, na kila Jumapili yeye alikuwa mbele ya tanuri la kiwanda cha mikate. Miaka ishirini na sita, hajapiga kura hata moja. Na safari hii binti yake wa pekee alikuwa anagombea udiwani!

"Jumamosi msiniguse," kinyozi alifoka. "Hiyo ndiyo siku ya vichwa."

"Jumatatu nayo watoto wasomee wapi, juani?" mwalimu mkuu akadakia. Watu wakacheka.

Zamu yake ikafika. "Waheshimiwa, Alhamisi. Ndiyo siku pekee tunazima tanuri na kulisafisha, saa nne tushatoka. Mkate wetu mnaula kila asubuhi. Basi na sisi tupeni siku moja!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Redio ilipotangaza Alhamisi, Mama Hamira alirusha donge la unga juu, akalidaka, akampigia binti yake simu.

"Nakuja kukupigia kura mwanangu, kwa mkono huu huu!"

"Mama, usinilize niko kazini," binti akasema, naye tayari analia.

Kumbe furaha ilimsahaulisha jambo ambalo mwoka mikate hapaswi kusahau. Siku ya kura ni mapumziko, na siku ya mapumziko mji mzima hushinda nyumbani ukila mkate. Jumatano bosi akaja na karatasi ya oda. "Kesho tanuri halizimwi. Oda ni mara mbili, hatoki mtu mpaka mkate utoke."

Alikuwa amehamisha uchaguzi, na kazi ikamfuata huko huko.

Alhamisi alfajiri mkandaji unga alimletea maji ya uvuguvugu kama kawaida. Mama Hamira aliyatazama, halafu akaanza kutabasamu.

"Mwaga. Lete ya baridi. Na hamira weka nusu."

"Dada, unga si utachelewa kuumuka? Mpaka saa sita huko!"

"Ndiyo maana yake. Funika, tuvae viatu."

Bosi alipofika saa mbili alikuta mabeseni yamefunikwa na kiwanda kitupu. Alifunua moja, akabonyeza unga kwa kidole, akafunika. Unga ambao haujaumuka hauamrishwi, hata na bosi.

Wakati huo Mama Hamira alikuwa nyuma ya pazia la kituo cha kura. Aliliona jina la binti yake, akaliwekea alama. Kisha akacheka mwenyewe, machozi yakimtoka. Jumapili zote zile, maji ya baridi yalikuwepo bombani.