Upepo Arobaini na Nne

Siku tuliyomzika baba, kaka yangu alichukua ufunguo wa gari la marehemu kabla machozi yangu hayajakauka. Akawaambia wajomba, mbele yangu, "Huyu dada mziba pancha arithi gari la kale? Si atalifanya banda la viraka!" Wajomba wakacheka. Nami nikacheka, maana ukilia mbele ya anayekudharau umemwongezea utamu. Lakini sikusahau.

Gari lile nililijua kuliko nilivyomjua kaka. Miaka kumi na moja, kila Jumapili, mimi na baba tulikuwa chini yake. Matairi yake yalikuwa membamba, yenye ubavu mrefu, na baba aliyajaza upepo kidogo kuliko magari ya siku hizi: ishirini na nne mbele, ishirini na sita nyuma. Namba hizo aliziandika kwa mkono wake ndani ya kifuniko cha buti.

"Springi za mzee huyu ni ngumu," aliniambia. "Ulaini wake uko kwenye tairi. Ukizidisha upepo, kila kokoto litamfikia mama yako mgongoni."

Mama ana mgongo mbovu tangu aliponizaa mimi.

Kaka alilipaka gari rangi mpya hadi ndani ya buti, mwandiko wa baba ukapotea. Akalivisha rimu kubwa za kumetameta na matairi mapana, ubavu wake mfupi hata vidole vitatu vinaufunika. Alitaka kulikodisha kwa maharusi. Ila gari liliandikwa jina la mama, na mama alisema, "Nipeleke kwanza kwa dada yangu. Nikirudi nitasema gari linabaki kwa nani."

Asubuhi ya safari kaka alisimama mbele ya banda langu. Hata kushuka hakushuka.

"We fundi, jaza upepo. Fanya haraka, mama ananisubiri."

"Nijaze ngapi, kaka?"

"Kwani hujui kusoma? Si imeandikwa kwenye tairi! Arobaini na nne."

Kila mziba pancha anajua kwamba namba ile si kipimo cha kujaza. Ni mwisho wa uwezo wa tairi. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, ningemwambia. Kisha nikaliona lile buti na rangi yake mpya, nikayameza.

"Haya, bosi. Mwenye gari ndiye anayejua."

Nikajaza arobaini na nne, matairi yote manne, bila kupunja. Nilimfikiria mama? Nilimfikiria. Njia ya kwa mama mkubwa ni mawe matupu, gari hutambaa nusu saa nzima, na mama hukaa kiti cha nyuma. Nikajiambia nusu saa si mwaka. Nilitaka gari limtikise mpaka amlaani kaka kwa kinywa chake mwenyewe. Nilifunga vifuniko vya vali huku napiga mluzi.

Kabla ya saa sita nikaitwa nyumbani. Mama alikuwa amelazwa sakafuni sebuleni, mto chini ya magoti, uso umelowa jasho. Kaka alikuwa mlangoni, ubosi wote umemtoka.

"Ufunguo," mama alimwambia. Kaka akautoa. Mama akaniwekea mimi kiganjani.

Nilimtazama kaka machoni nikafurahi, sitadanganya.

"Nitalirudishia matairi ya baba, mama," nikasema. "Ishirini na nne mbele, ishirini na sita nyuma. Hutasikia hata jiwe."

"Leo alijaza nani?"

"Yeye," kaka akajibu.

Mama akageuza uso kwangu, taratibu, kwa sababu ya maumivu.

"Baba yako alikufundisha wewe peke yako," alisema. "Na ulijua nyuma nitakaa mimi."

Nikaufumba ufunguo kiganjani.

Huu ni mwaka wa pili gari liko kwangu. Nimelivisha matairi membamba, namba za baba nimeziandika upya ndani ya buti, na juu ya mawe linapita kwa ulaini ule ule wa zamani. Kila Jumamosi nalileta mpaka mlangoni kwa mama, namfungulia mlango wa nyuma. Mama hunishukuru kwa adabu, kama anavyomshukuru mgeni. Kisha hushika fimbo yake, akaenda kwa dada yake kwa miguu.