Mkate wa Mnyongaji

Josette Vernhes alikamua ng'ombe wake watatu jua likiwa bado halijachomoza, akasukasuka maziwa ya jana mpaka siagi ikashikana, akaikanda kwa kijiko cha mti na kuichapa alama ya ua kwa kibao alichorithi. Kisha akatandika meza. Aliweka mabakuli mawili makubwa ya kahawa, jibini mbichi, chupa ya jamu ya forosadi za porini, na mkate wa mviringo aliouoka mwenyewe. Kabla ya kuukata alichora msalaba juu ya ganda lake kwa ncha ya kisu, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Mgeni wake alishuka ngazi akiwa na soksi tu. Aliitwa Signe Toftegaard, msichana wa Denmark, mwalimu wa kuogelea, aliyekuwa akivuka uwanda wa Aubrac, huko Ufaransa, kwa miguu kuelekea kusini. Jana yake alifika kijiji cha Sarrelongue ameloa chapachapa, na Josette akampa chumba ambacho zamani kilikuwa cha mwanawe. Buti zake zilikuwa zimelala kando ya jiko, zimejazwa magazeti.

Kutoka malishoni ilisikika nyundo.

"Wanapiga nini kule, Mama Josette?"

"Nguzo. Jirani yangu, Gilbert Cayrac, anazungusha seng'enge. Ikifika adhuhuri chemchemi itakuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kwake."

"Na hawa ng'ombe wako watakunywa wapi?"

"Ndiyo hilo," Josette alisema, akammiminia kahawa. "Hakuna maji mengine. Bila maji hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe hiyo siagi unayoipaka ndiyo ya mwisho. Kula, mwanangu. Paka kwa nguvu, siagi yangu haipakwi kwa haya."

Signe akapaka kwa nguvu. Alikata kipande, akakichovya kwenye kahawa kama alivyomwona mwenyeji wake akifanya, akafumba macho. Kisha akakata kingine, na mkate akaurudisha mezani bila kuutazama. Ulilala kifudifudi, msalaba chini, kitako juu.

Josette alikuwa amemgeuzia mgongo, akitoa maziwa jikoni. Aliporudi akasimama, jagi mkononi.

"Aa, wewe mtoto. Umeshamwita."

"Nimemwita nani?"

"Mnyongaji." Josette aliweka jagi chini na kwenda kabatini kutafuta bakuli la tatu. "Enzi za wafalme hakuna aliyetaka kugusa mkate uliokuwa karibu na wake. Basi mwokaji alikuwa akimwekea wa kwake kando, kifudifudi, watu wauepuke. Mpaka leo akiuona mkate umelala hivyo anajua ni wake."

"Basi niugeuze!"

"Angekuwa hajasikia, sawa. Sasa utakuwa unamnyang'anya."

"Ni mbaya?"

"Ana adabu kuliko wengi walio hai. Sogea kidogo apate pa kukaa."

Mlango uligongwa kwa kiwiko. Mnyongaji alikuwa na desturi hiyo kwa sababu zamani watu waliosha kila kitasa alichokishika. Josette akamfungulia. Aliingia mtu mrefu, mkimya, mwenye koti jekundu lililopauka likawa rangi ya tofali la zamani. Alijipangusa miguu mara mbili, akavua glovu zake, akaziweka magotini alipoketi. Mikono yake ilikuwa safi sana.

"Habari za asubuhi, Bibi. Habari za asubuhi, binti. Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu," alisema Josette. "Kahawa na maziwa?"

"Ukinipa bila maziwa nitashukuru. Enzi zangu kahawa haikuwa ikifika huku."

Josette alitoa mkate mwingine kabatini kwa ajili yake mwenyewe na Signe, akauweka chali unavyotakiwa. Ule wa kwanza ulikuwa umeshakuwa wa mnyongaji wote, naye aliula polepole, akikusanya makombo kwa kidole. Hakugusa jamu. Signe alingoja kidogo, kisha akamwinulia chupa.

"Chukua, baba. Ni nzuri mno."

Mnyongaji aliitazama ile chupa mkononi mwa msichana. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwekea vitu chini, nao wakirudi nyuma, ndipo yeye akiokota. Alinyosha mkono, akaipokea, akakaa nayo kitambo bila kuifungua.

"Hii ni nyumba ya nani siku hizi?" aliuliza hatimaye, kama alivyouliza kila alipokuja.

"Ya Vernhes, kama zamani."

"Vernhes. Nilimnyonga mmoja. Étienne. Alikuwa mwepesi, na asubuhi ile ilikuwa na baridi. Nilimwazima shati langu."

"Huyo huyo," alisema Josette. "Babu wa mababu zangu. Shati lilirudi?"

"Lilirudi, Bibi. Mkewe alilifua."

"Vizuri."

Signe aliacha kutafuna. "Alifanya nini mpaka anyongwe?"

"Walisema alihamisha jiwe la mpaka usiku," mnyongaji alijibu. "Lile la malishoni, juu ya chemchemi. Akiwa kwenye ngazi ya kunyongea aliniambia si yeye, kwamba lilikokotwa na mzee Cayrac na wanawe wawili, kwa fahali. Kwenye ngazi watu husema mengi. Lakini Cayrac alikuwa amesimama mstari wa mbele kabisa, na magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo mwekundu. Udongo ule hauko penginepo, uko chemchemini tu. Nilishuka nikamwambia hakimu. Hakimu alikuwa anamenya pea. Akasema niendelee, maana watu wametoka mbali."

Alifungua chupa ya jamu, akapaka kidogo sana pembeni mwa mkate.

Signe alikuwa ameshasimama, anazitafuta buti zake kando ya jiko na kutupa magazeti sakafuni. "Mama Josette, umesikia? Shahidi huyu hapa! Twende sasa hivi, kabla hawajafika chemchemini!"

"Kaa chini, kahawa inapoa. Gilbert mwenyewe anakuja. Alhamisi huwa anakunywa kahawa hapa."

"Anakunywa kahawa hapa? Huku anakufungia maji?"

"Tumesoma darasa moja," alisema Josette, kana kwamba hilo lilimaliza swali, akaweka bakuli la nne.

Gilbert Cayrac aliingia bila hodi. Alikuwa meya wa Sarrelongue, mtu mnene mchangamfu, buti zake zimejaa udongo mwekundu hadi vifundoni. Alimbusu Josette shavu hili na shavu hili, akamsalimu mgeni, akamwona aliyeketi pembeni ya dirisha.

"Lo! Mnyongaji naye yupo. Nani kageuza mkate? Usiniambie, ni mgeni. Mwaka juzi alikuwa Mholanzi, aligeuza kila asubuhi kwa wiki nzima. Huyu bwana alinenepa!"

"Habari za asubuhi, Bwana Cayrac," alisema mnyongaji.

"Nzuri, nzuri. Josette, nipe hiyo siagi."

Josette akampa. Signe hakuweza kungoja bakuli lake lijazwe.

"Huyu baba anasema jiwe lilihamishwa na watu wa kwenu. Anasema malisho ni ya Mama Josette, na chemchemi pia. Aliona udongo magotini."

Gilbert alipaka siagi mpaka pembezoni mwa kipande, akakichovya, akala.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, lilihamishwa. Wazee wetu walikuwa na fahali anaitwa Rubani, ndiye aliyelikokota. Bibi yangu alitusimulia mara nyingi, hasa wakati wa kuvuna viazi. Kila mtu hapa anajua, binti. Josette anajua tangu tuko wadogo. Nilimwambia mwenyewe, tulikuwa tunacheza juu ya jiwe lenyewe."

"Ulinisukuma nikaanguka," alisema Josette.

"Kweli, nilikusukuma."

Nyundo ya malishoni ilipiga, ikatulia, ikapiga tena, karibu zaidi.

"Basi mrudishie!" Signe alisema.

Gilbert alimtazama bila hasira. "Nikirudisha mimi, na Bousquet arudishe kinu, na watu wa bondeni warudishe msitu wa watawa, na watawa warudishe walichochukua wao. Nusu ya uwanda huu ingebidi iamke usiku mmoja ihamie vitanda vya wenzao. Mimi ni meya, siwezi kuanzisha fujo ya namna hiyo. Ndama wangu wanahitaji maji, seng'enge imeshafika, vijana wako kazini. Josette, hii siagi ya leo ni kali."

"Ni ya chemchemi," alisema Josette.

"Inaonekana."

Josette alijifuta mikono kwa aproni. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini aliposimama meza nzima ilijikuta inamtazama kutoka chini.

"Sikuombi kitu, Gilbert. Nyumba hii ilishaomba mara moja, kwa hakimu mwenye pea, ikatosha. Hamuwezi kutunyonga na kisha kutufanya tuwabembeleze. Maliza kahawa yako."

Gilbert akamaliza kahawa yake.

Josette aliuchukua ule mkate wa pili, uliobaki zaidi ya nusu, akauweka kwenye kitambaa safi. Mbele ya macho ya Gilbert akaugeuza, taratibu, ukalala kifudifudi. Akafunga ncha za kitambaa, akamwekea mikononi.

"Mpelekee mkeo Ghislaine. Mwambie umetoka kwangu."

"Josette. Unajua maana ya kuubeba hivi."

"Najua. Mnyongaji amekula kwangu miaka yote kwa ajili ya jambo lenu. Sasa akale kwenu."

Gilbert aliutazama mzigo, akamtazama mnyongaji, ambaye alikuwa ameshaanza kuvaa glovu zake.

"Haki yako," alisema. Kwa watu wa Aubrac mkate haukataliwi. Akaukumbatia, akatoka nao, na mnyongaji akamfuata hatua chache nyuma, kama alivyozoea kutembea kati ya watu.

Mlangoni mnyongaji alisimama, akamgeukia Signe. "Asante kwa chupa," alisema.

Adhuhuri seng'enge ilifika juu ya chemchemi, ikaizunguka, ikashuka upande wa pili. Signe alifunga begi lake na kuondoka kuelekea kusini. Josette alimpa yai la kuchemsha na siagi iliyobaki, imefungwa kwenye jani la kabichi.

Alfajiri ya siku iliyofuata mnyongaji alionekana akipita katikati ya seng'enge bila kuinama, ndoo mbili mikononi. Vijana wa Gilbert waliokuwa wakikaza nyaya walimwona wakampisha, maana yeye hakuna anayemgusa. Alileta maji mpaka kwenye hori la Josette, akamimina, akasimama kando. Ng'ombe walikuja, wakanusa, wakarudi nyuma wote watatu kwa pamoja. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Hawakunywa maji aliyoyabeba.

"Usijali," Josette alimwambia. "Ng'ombe nao wana mila zao."

Mwisho wa juma aliwapiga ng'ombe wake brashi mpaka wakang'aa, akawafunga kengele zao, akawapeleka yeye mwenyewe kwenye lori la mnunuzi kwa kupita katikati ya kijiji, mbele ya kanisa na mbele ya nyumba ya meya, kichwa juu. Watu walitoka milangoni kuwaona. Walisema hawajapata kuona ng'ombe waliotunzwa vile, na ilikuwa kweli.

Signe alirudi kiangazi kilichofuata, safari hii kwa basi, hana hata buti. Alitaka tu kunywa kahawa ile. Josette alitandika meza kama siku zote: mabakuli mawili, jamu, mkate wenye msalaba. Siagi ilikuwa ya dukani, ndani ya karatasi yake ya fedha.

"Hiyo si siagi," alisema Josette. "Lakini inapakwa."

Signe alikata kipande, akaurudisha mkate mezani kwa mikono miwili, chali, akiutazama mpaka ukatulia. Josette akacheka.

"Umejifunza. Ungemwita bure, hana nafasi siku hizi."

"Bado yuko kwa akina Cayrac?"

"Kila asubuhi. Ghislaine alijaribu kila njia. Anaweka mkate chali, unageuka. Akanunua ile mirefu myembamba, ambayo hata huwezi kujua upi mgongo upi tumbo, nayo ikageuka. Mwishowe akamfumia kitambaa chake cha mezani chenye jina. Gilbert ananunua mkate wa ziada."

Nje ya dirisha seng'enge iling'aa juani, na nyuma yake ndama wa Cayrac walikuwa wakinywa, shingo zimeinama pamoja.

"Na anawaambia? Kuhusu jiwe?"

"Kila siku, tangu mwanzo mpaka mwisho. Baridi, shati, udongo magotini, hakimu na pea yake. Haachi kitu." Josette alikata pembe ya mkate, ile yenye ganda gumu ambayo hupewa mtu wa nyumbani tu, akamwekea mgeni wake mkononi. "Nao humsikiliza mpaka amalize, wanakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, kisha wanamsogezea jamu."