Zimwi Lenye Chungu

Mimi hadithi sizipendi, niseme mapema. Mtoto akishashiba na kunawa miguu, alale. Basi mwaka wa sabini na mbili wakatuletea hapa Munanila Mwalimu Kuruthumu, mwanamke wa Tanga, mdomo mtamu kama nini, na darasa la kwanza lote likamganda. Hadithi zake hakuwa anazimaliza. Anafika pabaya, anafunga mdomo, anawaambia watoto nendeni mkamalizie wenyewe nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwangu.

Esteri wangu, wa miaka saba, akaacha kulala. Kuna zimwi, ananiambia, linatembea na chungu kikubwa cha kupikia watoto. Akaanza kuniuliza chungu cha kumtosha mtoto kina ukubwa gani, na mtoto akitiwa mle anakunja magoti au anasimama. Hasira zikanipanda, nikaenda shuleni.

Mwalimu alishangaa. Akasema chungu hakukitaja hata siku moja, yeye alisema zimwi lina mkono mmoja. Nikaelewa palepale. Sisi kwa Kiha chungu ni inkono, na watoto wale Kiswahili ndiyo kwanza walikuwa wanakionja. Yeye kasema mkono, wao wamesikia inkono. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nikamwambia awarekebishe. Akakataa kwa upole.

"Mama Esteri, zimwi langu lilikuwa na mkono tu. La kwao limenizidi. Waache walione kwa macho yao wenyewe."

Niliondoka nimenuna. Kwao huko labda mtu anaweza kuwachezea watoto kwa mazimwi, lakini siyo kwetu, na siyo mwaka ule. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, watu walikuwa wanauawa. Waliookoka walivuka kwetu kwa njia za porini, na ilisemwa wauaji nao wanavuka wakiwafuata. Kila mgeni tulimwogopa. Kipriani, mume wangu, alilala na panga chini ya mkeka.

Siku moja, jua bado liko juu, naanika maharage, nikasikia mayowe kutoka kisimani. Watoto walipanda mlima mbio, vibuyu vya maji wamevitupa. Zimwi liko kisimani, walisema, lina inkono kichwani, na mkono wa mtoto unatokeza kwenye inkono. Nikawatazama mmoja mmoja. Esteri hakuwamo.

Najua mazimwi hayapo, mimi ni mtu mzima, lakini mwanangu nilimwona mle chunguni, magoti ameyakunja, vilevile kama alivyoniuliza. Nikanyakua jembe. Kipriani na wanaume wa jirani walikuwa wameshashika mapanga. Tuliteremka mbio. Nilichomwomba Mungu ni nikute japo mwili wa kuzika.

Kichakani, karibu na maji, alichuchumaa mtu aliyejigubika nguo iliyoganda matope, amekumbatia chungu. Mkono mdogo ulikuwa unaning'inia ukingoni, hautikisiki. Niliwapita wanaume wote, nikainua jembe.

"Mama, usimuue," Esteri akasema. "Hadithi haijaisha."

Alitokea nyuma ya yule mtu, mzima kabisa, ameshika kibuyu cha maji. Wenzake walipokimbia yeye alibaki, alitaka kuona chunguni mna nini. Yule mtu naye akafunua uso. Alikuwa bibi kizee. Hakukimbia wala hakujitetea. Alikilalia chungu kwa kifua chake, akasema kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakisikia vizuri, kwamba huyu ni mjukuu wake, ndiye aliyebaki, na kama tumekuja kuua tumuue yeye. Mtoto akaamka, akaanza kulia mle ndani. Jembe bado nilikuwa nimeliinua juu. Kipriani ndiye aliyeninyang'anya.

Tuliwapeleka nyumbani, wakala, wakalala. Zamu hii asiyelala nilikuwa mimi.

Jumatatu Mwalimu akauliza darasani nani ameimaliza hadithi, na Esteri akasimama akaisimulia yote. Jioni akanirudia nayo, tumekaa tunachambua maharage, wala hakuwa na chuki na mtu. Bibi alikuwa na chungu, akasema, na mle chunguni alimficha mtoto ili asiliwe. Mazimwi yakaja mengi, yana mapanga, yakamzunguka. Nikamuuliza yalikuwa na sura gani. Akafikiri kidogo, akatupa jiwe aliloliona kwenye maharage.

"Sura za watu tu," akasema. "Lile la mbele lilikuwa na jembe."