Kikombe Kisichofunikwa

Mjane aliunguza kahawa, na aliiunguza kwa heshima zote. Alizikaanga buni juu ya jiko la mkaa mpaka zikatoa moshi wa kuwasha macho, kwa sababu ndivyo alivyomwona marehemu mumewe akifanya mwaka mzima, akimtazama kutoka dirisha la jikoni. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Kahawa ilimwendesha moyo mbio, na mumewe hakuchoka kumtania kwamba ameoa mtu wa maziwa.

Kibanda chao cha kahawa kilikuwa hakijafunguliwa tangu mazishi mpaka siku hiyo. Jumamosi binti yake angekuja kumchukua wakaishi pamoja, vyombo vya kahawa vigawiwe. "Mama, utabaki na nani hapo?" alikuwa amemwuliza kwenye simu. Alikuwa na lile benchi tu, la wazee waliozoea kunywa kahawa ya mumewe. Wazee wakirudi, atabaki. Wasiporudi, basi tena.

Alasiri wakaja, fundi cherehani na kinyozi, kila mmoja akakaa pale pale pake. Kigoda cha karibu na jiko hakuna aliyekigusa. Mjane akawamiminia. Pale kibandani mtu haulizwi kama anaongeza: aliyetosheka hukifunika kikombe chake kwenye sinia, mdomo chini, anayekiacha wazi hujaziwa. Basi akawa anavikodolea macho vile vikombe. Havikufunikwa. Wakanywa cha pili, wakanywa cha tatu, na moyo ukaanza kumtulia. Umeona, binti yangu?

Ndipo kinyozi, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja, akashusha pumzi. "Shemeji, umeipatia! Ile ile ya mwaka huu, inakwaruza koo mpaka kisogoni."

Fundi cherehani akamkanyaga mguu, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Inakwaruza?" Mjane akajimiminia, akaonja. Jamani! Ilikuwa majivu matupu. "Hii ndiyo mliyokuwa mnakunywa?"

Fundi akavua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la shati. "Shemeji, tangu ule ugonjwa umpate mwaka jana, ulimi wa mwenzetu ulikuwa haujui chumvi wala sukari. Alikuwa anakaanga kwa kukisia."

"Na hamkumwambia."

"Angefunga siku hiyo hiyo. Si unamjua?"

Alimjua. Kila jioni mumewe alisimama mlangoni akilitikisa birika tupu: "Wameimaliza yote, mke wangu!" Naye alifurahi pamoja naye, mwaka mzima, bila kujua lolote.

"Kwa hiyo na mimi mmeninywea huruma," akasema, sauti ikimkatika.

Kinyozi, ambaye hakukosa jibu hata siku moja, akainama akachezea kandambili zake. "Angefunga, sisi tungekwenda wapi, shemeji? Mimi nyumbani naongea na redio."

Mjane akajikuta amekaa kwenye kigoda cha mumewe. Akalia kilio ambacho hakukilia mazikoni, kwikwi kwa kwikwi, na wale wazee hawakumwambia nyamaza. Alipokwisha, kikombe kilikuwa bado mkononi. Akakinywa kidogo kidogo mpaka kwenye machicha, na koo likakwaruzika kama walivyosema.

Akakitua kwenye sinia, hakukifunika.

Fundi cherehani akanyanyua birika, akammiminia.