Shahidi wa Kila Alhamisi

Ngatia hakuwa na jina, kwa kuwa jina hilo lilifungiwa katika kabati la ofisi ya kulinda mashahidi, na hapa Endarasha alitakiwa kuitika Gatimu. Hakuwa na simu wala kitambulisho. Hakuwa na mke karibu, wala shina moja la kahawa, wala koti la kustahimili baridi ya huku Kieni. Alichokuwa nacho ni ushahidi: alimwona mwenyekiti wa kiwanda chao cha kahawa, kule Gakindu, akimpiga mlinzi Simeon kwa nondo mpaka akafa. Kesi ingesikizwa Nyeri mwisho wa mwezi.

Kila Alhamisi saa moja na nusu jioni, Murugi aliongeza sauti ya televisheni katika hoteli yake, na wateja wakaacha kutafuna. Mchezo ulihusu maofisa wanaolinda mashahidi. Katika sehemu ya kwanza, shahidi alishuka mbele ya nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani. Ngatia aliitambua, humo ndimo alimoacha githeri mekoni. Mwigizaji alikuwa na uso wa Ngatia.

"Gatimu, umekonda kwa TV," Murugi alisema, akimwekea chai.

"Ni hiyo kamera."

Mwai, ofisa aliyepewa kazi ya kumlinda, aliandika ripoti. Ofisi ikajibu kwamba sheria inakataza mtu kutoa siri ya shahidi, nayo televisheni si mtu.

Kosa lililomfichua lilikuwa la Ngatia mwenyewe. Alikuwa amepima kahawa kule kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, na mkono wake ulijua kilo kabla ya mizani. Siku moja wanunuzi wa viazi walileta magunia ya lumbesa, yale yanayoshonewa kilemba juu ili gunia moja limeze karibu mawili. Alijua anapaswa kunyamaza. Akaliinamisha moja, akasema, "Hii ni kilo mia moja sitini na nne." Mizani ikasema vivyo hivyo, na wakulima wakashangilia.

Alhamisi hiyo shahidi wa televisheni naye akainamisha gunia. Gakindu nzima ilikuwa ikitazama. Uso waweza kufanana tu, lakini hapakuwa na asiyeujua mkono ule.

Tangu hapo mchezo ukaanza kwenda mbio. Awali ulikuwa nyuma ya maisha yake kwa siku tatu, ukamfikia, kisha ukampita. Alhamisi moja Ngatia alimwona Mwai wa televisheni akikutana na mwenyekiti kwenye kituo cha petroli Murang'a, akimkabidhi ufunguo wa mlango wa kijani. Baadaye ikaonekana korti ya Nyeri. Jaji alimwita shahidi mara tatu. Kiti kilikuwa kitupu.

Mwai mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, akikata chapati.

"Huyo jamaa anayeniigiza ananifanya mnene, ama?"

"Anakufanya sawa tu," Ngatia alisema. "Murang'a unaenda lini?"

"Kesho." Mwai alichovya chapati kwenye mchuzi. "Usinikasirikie, mzee wangu."

"Si mumhamishe?" Murugi aliuliza, akifuta meza.

"Tumpeleke wapi, mama? Kila mahali wako na TV."

Murugi akakubali kwamba hilo ni kweli.

Ngatia akaomba karatasi. Barua za shahidi hupitia kwa ofisa wake, hivyo Mwai akamwambia mapema, "Ya jaji hapana." Ngatia akasema si ya jaji. Akawaandikia watengenezaji wa mchezo:

"Sehemu ya mwisho sitawaomba muibadilishe. Naomba kile kiti kisikae kitupu. Mwigizaji wenu yuko na uso wangu. Mwacheni aketi, aseme haya."

Akajaza kurasa nne: siku, saa, nondo, jina la mwenyekiti, na jinsi Simeon alivyoangukia mizani, ikasoma kilo sitini na tatu, na hakuna aliyemwondoa mpaka sindano ilipoacha kutetemeka.

Mwai aliisoma yote polepole. Haikuvunja kanuni yoyote.

"Umeandika vizuri," alisema.

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akabandika stempu. Ijumaa asubuhi, akiwa njiani kwenda Murang'a, alisimamisha gari Nyeri mjini, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.